Matuta Sita ya MaTolo

Watu wote wa mtaa ule wa Khayelitsha waliichukia mvua ya Juni, isipokuwa Zoleka. Wenzake waliamka wakakuta maji yameingia chini ya mlango, godoro limelowa, watoto wanakohoa, na kabla hata ya kunywa chai walikuwa wameshailaani mbingu mara tatu. Yeye alifungua dirisha, akaona wingu limeshuka mpaka kwenye nyaya kubwa za umeme, akashukuru kimoyomoyo. Mvua ikinyesha bustani haiwi na mtu, na bustani isipokuwa na mtu, yeye aliweza kuingia.

Alikuwa mjane wa miezi miwili. Mumewe, Sindile, mlinzi wa ghala, alianguka kazini mwezi wa Aprili akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Wakamsafirisha kwao Cofimvaba, wakamzika kwenye ua wa baba yake, na baada ya mazishi wazee wa ukoo wakamvika Zoleka nguo nyeusi kuanzia kichwani hadi kwenye kifundo cha mguu. Mwaka mzima. Asipaze sauti, asipeane mikono na watu, kanisani akae nyuma, jua likizama awe ndani. Na asikanyage palipopandwa kitu, kwa kuwa mwanamke aliyevaa nyeusi ana giza la kifo juu yake, na giza hilo likigusa mmea, mmea unakauka.

Hayo aliyajua tangu utotoni, na hakuwahi kuyatilia shaka. Miaka minne nyuma, mjane mmoja alisimama kwenye lango la bustani akiomba miche ya kabichi. Zoleka alimpitishia juu ya uzio, kwa mkono ulionyooshwa, na hakuona ubaya wowote. Alimwonea huruma, basi, kisha akarudi kupalilia.

Bustani yenyewe ilikuwa chini ya nyaya za umeme, mahali ambapo serikali haikuruhusu kujengwa nyumba. Wanawake arobaini waligawana mchanga mtupu, kila mmoja kipande chake. Zoleka alikuwa na matuta sita. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisomba mavi ya farasi wa mikokoteni kwa toroli bovu, anachanganya na maganda na majani, mpaka mchanga ule mweupe ukageuka udongo mweusi unaoshikika mkononi. Nyumba waliyoishi iliandikwa kwa jina la Sindile. Wifi yake, Nosakhele, alihamia na masanduku mawili wiki moja baada ya mazishi, eti aje amsaidie kuomboleza, na sasa alikuwa ameshaanza kuiita nyumba ya kaka yangu. Sufuria, kitanda, redio, vyote vilikuwa vya kaka yangu. Matuta sita ndiyo kitu pekee duniani ambacho watu walikiita cha MaTolo, kwa jina la ukoo aliozaliwa nao yeye, si cha mke wa fulani.

Na kipande pale hakikuwa cha mtu milele. Wakati wa jua kila mtu ni mkulima; taabu ni majira ya baridi, maji yanapopanda kutoka chini na kushuka kutoka juu, mizizi inaoza, na magugu ndiyo yanayostawi. Kwa hiyo wanawake walijiwekea sheria. Jumamosi ya kwanza kavu ya Septemba, mwenyekiti wao, bibi mmoja mkavu aliyeitwa MaGatyeni, alipita kipande kwa kipande akiuliza swali moja tu: nani alikaa na matuta haya kwenye mvua? Aliyekaa nayo ndiye mwenye kipande kwa mwaka mwingine. Kipande kikiota magugu, kinafungiwa kitambaa cheupe kwenye kigingi. Vitambaa vitatu, kinakwenda kwa mwingine.

Zoleka alimwita rafiki yake Phindiwe, jirani yake wa matuta kwa miaka yote kumi na moja, wakazungumza jikoni.

"Unishikie mpaka nivue nyeusi," alisema. "Kwa jina langu. Mboga utakazochuma nusu zako."

"Nusu za nini, MaTolo? Unaniuzia kazi, mimi na wewe?" Phindiwe alikunja uso kama aliyetukanwa. "Wewe kaa na msiba wako. Matuta niachie mimi."

"Umwambie MaGatyeni."

"Nitamwambia. Hilo nalo la kuandikiana?"

Zoleka mwenyewe hakuweza kumwendea mwenyekiti kwenye kikao. Mjane hasimami mbele ya kikao akajadili mambo ya kupanda. Basi maneno yakabaki palepale jikoni, kati ya wanawake wawili na birika la chai.

Wiki mbili Phindiwe alilima vizuri. Wiki ya tatu mvua ikaja kwa nguvu, na Phindiwe akawa na mgongo. Kisha akawa na mjukuu mgonjwa. Kisha binti yake, Athini, aliachwa na mumewe, akarudi nyumbani na watoto wawili, na Phindiwe akawa na mambo. Siku moja Zoleka alikuwa akitoka kliniki, akapita nje ya uzio kama alivyoruhusiwa kupita, akaona kitambaa cheupe kimefungwa kwenye kigingi chake. Magugu yalikuwa yamefika magotini.

Jioni ile alimwendea Phindiwe.

"Ndugu yangu, nitakwenda, nitakwenda," alisema Phindiwe, anamenya viazi bila kumtazama. "Umeiona hiyo mvua? Unataka uzike na rafiki pia?"

"Nimeona kitambaa."

"Kimoja tu, MaTolo. Si vitatu."

Usiku ule Zoleka hakulala vizuri. Asubuhi Nosakhele aliondoka saa kumi na moja kwenda kufanya usafi kwenye nyumba za watu huko Claremont, na mvua ilikuwa inamwagika kama iliyopasuliwa mfuko. Zoleka alichukua koti la mvua la Sindile, la manjano, la kazini, lenye kofia kubwa. Likamfunika mpaka chini ya magoti. Sketi nyeusi aliikunja ndani, akavaa viatu vya mpira vya marehemu vilivyojazwa magazeti. Kwa mbali alikuwa mwanamume yeyote mfupi anayekwenda zake.

Alipofika langoni alisimama. Uoga alioupata pale hakuwahi kuupata hata siku ya maziko. "Sindile," alisema, "nisamehe. Sina njia nyingine." Akafungua lango.

Alipalilia matuta mawili akiwa amepiga magoti kwenye matope. Spinachi aliigusa kwa ncha za vidole, akitazamia majani yalegee mbele ya macho yake. Siku ya tatu alirudi kuangalia, yuko tayari kukuta yamekauka. Yalikuwa yamesimama, mapana, yanang'aa. Hakujua afurahi au aogope zaidi. Aliamua kulima.

Hivyo ndivyo alivyoipitisha Juni na Julai. Mvua ikinyesha alikuwa kwenye matuta, jua likitoka alikuwa ndani, mjane mnyenyekevu, macho chini. Wale wanawake wa kanisani waliokuja kumtazama walimsifia kwamba anaishika nyeusi yake vizuri. Vidole vilimpasuka kwa baridi. Alivipaka mafuta ya mgando na kuvificha chini ya shali. Kifua kilimbana. Nosakhele alimwambia kikohozi hicho ni cha majonzi, na Zoleka akakubali kwamba ni cha majonzi.

Katikati ya Julai ilikuja ile mvua iliyong'oa mabati ya nusu ya mtaa. Siku mbili mfululizo. Zoleka alipofika alikuta bustani imekuwa bwawa. Matuta yake, ambayo yalikuwa upande wa juu, yalikuwa yanapumua, lakini ya wenzake huko chini yalikuwa yamezama, vitunguu vinaelea. Angeweza kupalilia yake akarudi nyumbani. Hakuna ambaye angemlaumu, kwa sababu hakuna ambaye angejua. Alichukua jembe akachimba mfereji. Alianzia kwenye vitunguu vya MaGatyeni, akapita karoti za huyu na kabichi za yule, akakata katikati ya kipande cha Phindiwe, mpaka kwenye bomba la kutolea maji barabarani. Ilimchukua tangu asubuhi mpaka saa tisa. Kisha akarudi nyuma akaviinua vitunguu vya MaGatyeni kimoja kimoja, akavikandamizia udongo. Aliporudi nyumbani miguu haikuwa na hisia yoyote, na alilala siku tatu.

Siku ya nne Phindiwe alikuja kumwona, amebeba mkate. Alikaa kitandani, akaangalia mlango kwanza.

"Ni wewe," alisema kwa sauti ya chini.

Zoleka alivuta shali juu ya vidole vyake.

"Mimi si mjinga, MaTolo. Mfereji ule ni mkono wako, unakata mkingamo kama unavyokata siku zote. Na matuta yako yamekatwa magugu kwa kisu, si kwa jembe." Alishika mdomo, akacheka kidogo. "Unajua wamesemaje? Wamesema ni mimi. MaGatyeni amenikumbatia mbele ya watu. Amesema hajawahi kuona mwanamke mwenye moyo kama wangu."

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesemaje? Niseme mjane alikuwa humu ndani, anatembeza nyeusi yake juu ya mboga za watu? Wangekula nini leo? Nimekaa kimya. Nimekulinda."

Zoleka alifikiri. Kichwa kilikuwa kinauma. Alimtazama mwanamke huyu aliyemjua miaka kumi na moja, aliyemzalisha mtoto wake wa pekee na kumsaidia kumzika, na akasema neno ambalo baadaye alilitafuna kila siku kama mchanga ndani ya ugali. "Vizuri. Waache waamini hivyo."

"Ndiyo hivyo," alisema Phindiwe, akakata mkate.

Tangu siku ile Phindiwe alikuwa akionekana bustanini kila mvua ikikatika. Alisimama kwenye matuta sita mikono kiunoni, akiwaonyesha watu spinachi. Vitambaa havikufungwa tena. Athini, binti yake, alianza kuja naye, akipima kwa hatua kutoka kigingi mpaka kigingi. Zoleka aliwaona kutoka barabarani na akajiambia hakuna neno. Mvua iliyofuata aliingia tena akapalilia.

Jumamosi ya kwanza kavu ya Septemba wanawake wote walijaa bustanini, wamevaa aproni, vicheko tele, visu vya kuchumia mkononi. Zoleka alisimama nje ya uzio, na Nosakhele pembeni yake, kwani ilikuwa siku yake ya mapumziko na alitaka kuona hicho kipande cha kaka yangu. MaGatyeni alipita kipande kwa kipande na swali lake. Mimi, walijibu. Mimi, Mama. Wawili waliinamisha vichwa, vipande vyao vikaenda.

Alifika kwenye matuta sita. Hakukuwa na kipande kizuri kama kile bustani nzima.

"Nani alikaa na matuta haya kwenye mvua?"

"Mimi, Mama," alisema Phindiwe.

"Kwa jina la nani?"

Phindiwe hakugeuka upande wa uzio. "Kwa jina langu. Tangu Juni ni mimi, mmeniona wenyewe. Na sasa nina binti aliyerudi, na wajukuu."

Mlio uliomtoka Zoleka haukuwa neno. MaGatyeni alimtazama.

"MaTolo, kuna mtu ulimwachia?"

"Nilimwachia yeye. Anishikie. Kwa jina langu."

"Nani alikuwepo mkizungumza?"

"Mimi na yeye."

"Aliniomba wiki mbili," alisema Phindiwe kwa upole, "nikampa wiki mbili. Miezi mitatu yote iliyobaki nani aliomba? Nilifanya kwa sababu matuta yalikuwa yanakufa. Simlaumu, ana msiba."

Wanawake walitikisa vichwa kwa huruma, na huruma yote ilikuwa ya Phindiwe. MaGatyeni alishusha pumzi. "Sheria ni ya aliyenyeshewa," alisema. "Kipande ni cha Phindiwe."

Labda Zoleka angeyameza. Alikuwa amemeza mengi mwaka ule, na Nosakhele alikuwa pale, na habari ingefika Cofimvaba kabla ya Jumatatu. Lakini Phindiwe aliinama, akakata spinachi, fungu kubwa, akalifunga kwa jani, akalileta mpaka kwenye uzio na kulinyoosha juu, kwa mkono mrefu.

"Chukua, mwenzangu. Kila Jumamosi nitakupa. Hutakosa mboga mpaka uvue nyeusi."

Mtu akipewa chakula hupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Mikono ya Zoleka ilitoka chini ya shali yenyewe, imepasuka, kucha zina udongo usiotoka tena. Akalishika fungu. Akafungua kinywa kushukuru, na shukrani haikuja.

"Hii ni yangu," alisema. "Nimeipanda mimi. Nimeipalilia mimi, Juni yote na Julai yote na Agosti, kwenye mvua, mkiwa mmelala. Huyu hakutia hata kidole."

Visu vilisimama. Mwanamke mmoja aliuliza taratibu, "Umeingia humu? Na hiyo nyeusi?"

"Nyeusi chini, koti la Sindile juu."

Nosakhele alijifunika uso kwa kitambaa. Waliokuwa karibu na matuta sita walirudi nyuma, wakiinua sketi zao kama waliokanyaga kitu. Phindiwe alikuwa wa kwanza kupata akili. "Basi nitang'oa vyote," alisema. "Leo hii. Tuvichome, nipande upya. Mama, si ni kipande hiki tu?"

"Ving'olewe," walisema wengine. "Vichomwe."

MaGatyeni alisogea mpaka kwenye uzio. "MaTolo. Sema kweli. Uligusa wapi pengine?"

Zoleka alielewa alichoulizwa. Akisema hapa tu, wangeng'oa matuta yake sita na kwenda nyumbani na mboga zao. Alimtazama Phindiwe, ambaye sasa alikuwa anamtazama kwa mara ya kwanza siku ile, macho yakimsihi.

"Kote," alisema. "Mfereji wa Julai ni wangu. Nimepita kwenye karoti zako, wewe, na kabichi zako. Kipande cha Phindiwe nimekikata katikati kwa magoti yangu. Vitunguu vyako, Mama MaGatyeni, vilikuwa vinaelea. Niliviinua kimoja kimoja kwa mikono hii. Tangu Julai mnakula mkononi mwangu, ninyi na wajukuu wenu."

Wanawake waligeuka kila mmoja akaangalia kipande chake. Vipande thelathini na tisa, vimejaa. Jumanne lori la kununua mboga lingekuja. Nyumbani kulikuwa na sufuria zinazosubiri jioni ile ile. Lile neno la kuchoma lilikuwa limewatoka vinywani dakika mbili tu nyuma, na sasa hapakuwa na aliyetaka kulisema tena.

"Lakini tangu Julai imenyesha sana," alisema mmoja, akichezea kisu.

"Sana," alisema mwingine. "Na mvua inaosha."

"Inaosha. Isitoshe hakuna aliyeugua."

"Hata mimi naona imeshaosha," alisema Phindiwe.

MaGatyeni alikuwa anaangalia vitunguu vyake. Aliporudisha uso kwenye uzio hakuweza kumtazama Zoleka machoni, ila sauti yake ilikuwa ile ile ya kikao. "Mboga hazina neno," alisema. "Mvua imeziosha. Lakini wewe umeivunja nyeusi yako, MaTolo. Mtu aliyeivunja hawezi kuwa na kipande hapa. Wakwe zako watakuanzishia mwaka upya, na baada ya hapo tutaona."

"Mimi pia nilinyeshewa, Mama," alisema Zoleka. "Mvua ile ile."

Alisubiri. Alitaka mtu mmoja tu amjibu, hata kwa matusi. MaGatyeni alikwenda kwenye kipande kilichofuata akauliza swali lake, na sauti ikamjibu, mimi, Mama. Nosakhele alimshika Zoleka kiwiko, kwa nguvu, akamwambia atembee mbele, watazungumza nyumbani kwa kaka yangu. Fungu la spinachi lilimponyoka likaangukia upande wa ndani wa uzio. Phindiwe aliliokota, akalikung'uta mchanga, akaliweka kwenye ndoo pamoja na mengine.